Inchi Sita za Evance

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi la Bonifasi, jirani na soko kuu la Musoma, lilikuwa limefurika watu. Mafundi waligombania misumari, mama mmoja wa Mugango alikuwa akipimiwa kamba, na redio iliimba juu ya rafu bila msikilizaji. Thadeo alikuwa amekuja kununua msasa laini. Hakuwa mtu wa kusukumana. Alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, akisubiri zamu yake.

Hapo ndipo alipomwona dada mmoja ameshika kipande cha bomba la chuma.

Alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa mwilini. Nywele kazisuka twende kilioni, na shingoni ilining'inia futi ya fundi cherehani. Aliinua lile bomba kwa mkono mmoja, akalinyoosha kuelekea kalenda ya ukutani, akafumba jicho la kushoto. Mguu wa kulia aliugeuza ndani kidogo. Dole gumba la kushoto akalichomeka kwenye mkanda wa gauni.

Wateja wakacheka, lakini Thadeo hakucheka. Mtu pekee aliyesimama hivyo alikuwa amelala Butiama chini ya udongo tangu mwaka jana.

"Dada, usiniulie wateja," Bonifasi alisema. "Nikukatie inchi ngapi?"

"Sita."

"Za nini?"

"Nataka kujiunga na watu wa shabaha. Nizoeshe mkono nyumbani kabla sijashika bastola ya kweli."

"Haa! Na mume wako ana habari?"

"Siku akipatikana nitamwambia."

Duka zima liliangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho Thadeo alijisikia akisema, "Sita ni ndefu kwa mkono huo. Mkatie tano."

Dada aligeuka, akampima kwa macho. "Na wewe kaka, nani kakuita kwenye kikao?"

"Hakuna. Samahani." Thadeo aliongea polepole, kama alivyozoea. "Ila kifundo chako cha mkono ni chembamba. Uzito ukikaa mbele sana, mkono unachoka na kulenga kunaharibika."

"Unajua habari za bastola?"

"Natunza silaha za klabu ya shabaha pale Bunda. Sikusomea, nimejifunza mwenyewe." Akasogea hatua moja. "Nani alikufundisha kusimama hivyo?"

"Kaka yangu. Alikuwaga ananipa gunzi la mahindi uani, ananiambia haya, lenga yule jogoo."

"Evance," Thadeo alisema.

Bomba lilishuka taratibu. Dada alimtazama upya, safari hii bila utani. "Wewe ulibeba jeneza. Mbele, kushoto. Shati lako jeupe lilikuwa na tope begani."

"Siku ile sikumwangalia mtu usoni."

"Mimi niliwaangalia wote," alisema. "Naitwa Rhobi."

"Jamani," Bonifasi aliita, msumeno mkononi, "tano au sita?"

"Sita," Rhobi alisema.

Thadeo alijua ni tano. Lakini alitaka kumwona akiinua mkono ule mara nyingine, kwa hiyo akanyamaza.

*

Klabu ilipigia shabaha kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, chini ya kilima cha Balili, nje kidogo ya mji wa Bunda. Kuta za mawe zilikinga risasi pande tatu, na upepo wa mchana uliingia kwa upande wa nne ukizunguka humo ndani kama mtu aliyepotea njia. Ndani ya kabati la chuma kulikuwa na bastola mbili za mashindano, za kiwanda kimoja na risasi za aina moja. Tofauti ilikuwa mtutu. Mmoja inchi tano, mwingine inchi sita.

Rhobi alimaliza taratibu za uanachama, akaja Jumamosi moja akiwa na suruali ya jinzi na blauzi ya kijani aliyoishona mwenyewe. Thadeo alimwekea silaha zote mbili mezani, tupu, vyumba vya risasi vimefunguliwa.

"Watu wanadhani mtutu mrefu unapiga vizuri zaidi," alisema. "Kwa umbali wetu huu, risasi haijali. Anayejali ni jicho. Unaona hiki kinundu cha mbele, na huu upenyo wa nyuma? Kwenye ndefu vinaachana zaidi, kwa hiyo ukikosea kidogo jicho linashtuka mapema. Na uzito wa mbele unatuliza lile teke la bastola ikifyatuka."

"Basi ndefu ni nzuri."

"Kwa shabaha ya taratibu. Lakini kuna sahani za chuma, tano, za kuangusha haraka. Pale unahama kutoka hii kwenda ile. Mtutu mrefu ni mzito kuanza na mzito kusimama. Na silaha utakayoitangaza asubuhi ya mashindano ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho."

"Sasa mimi nichukue ipi, mwalimu?"

Ilikuwa kazi yake kumpa fupi kwanza, kisha ndefu, atazame matundu kwenye karatasi, ndipo aseme. Alikuwa amewafanyia hivyo wanachama wote. Lakini ile ndefu alikuwa akiitumia Evance peke yake, na tangu mazishi haikuguswa ila kwa kupakwa mafuta.

"Hii," alisema, akamsogezea ndefu.

Rhobi aligeuza mguu, akachomeka dole gumba, akainua mkono. Na hapo Thadeo akausikia. Mluzi mfupi, wa chini, kama wa mtu anayemwita mbwa wake bila kumwamsha jirani. Evance hakuwahi kupiga risasi ya kwanza bila mluzi ule.

"Umepiga mluzi?" aliuliza.

"Mimi? Sijui hata kupiga."

Ukuta wa mawe ulinguruma. Risasi ilikuwa imeenda chini, kushoto.

"Inua tena," Thadeo alisema kwa sauti isiyo yake.

*

Mapenzi yao hayakutangazwa, yalikuja kama nguo inavyoshonwa, leo bega, kesho mkono. Mchana Rhobi alimpigia simu kutoka dukani kwake Musoma, cherehani ikisikika nyuma.

"Mzee wa Msasa, umekula?"

"Bado, mama."

"Unasubiri nani akulishe? Kula. Mtu mwenyewe mwembamba, nitakushonea nini?"

"Nishonee mfuko unaonitosha."

"Yaani nikubebe kwenye mfuko? Utanichosha bega, wewe."

Jumapili, baada ya misa, walikaa juu ya mawe ya ufukweni Musoma wakila sato wa kukaanga kwa mikono, miguu majini. Rhobi alikuwa na kicheko cha kuchelewa, kilichokuja baada ya wengine kumaliza. Thadeo alikipenda kicheko kile kuliko alivyoweza kusema. Evance hakuwa na kicheko kama hicho. Hiki kilikuwa cha Rhobi mwenyewe.

Lakini Jumamosi zilipofika, alimpa tena ile ndefu. Matundu yaliendelea kwenda chini, kushoto. Kwenye sahani alichelewa, mkono ukichoka kabla ya kufika sahani ya tatu.

"Labda mimi si wa mchezo huu, mpenzi."

"Hujazoea tu."

"Miezi yote hii?"

"Inua tena."

Na mluzi ulikuja. Kila mara ulikuja.

*

Jumamosi moja pikipiki ya Thadeo ilimgomea njiani, akatembea kilomita za mwisho akiisukuma. Alipokaribia machimbo alisikia chuma kikilia. Sahani moja, mbili, tatu, nne, kimya kidogo, ya tano. Alisimama akisikiliza. Mluzi haukuwapo.

Rhobi alikuwa ameshika ile fupi. Nyuma yake mzee Lukas, mwenyekiti wa klabu, polisi mstaafu mwenye kofia ya pama, alikuwa akipiga makofi.

"Thadeo! Huyu binti ulikuwa umemfunga jiwe mkononi?" Lukas alimcheka. "Mkono kama huu unampa mtutu ule? Wewe, unayetusumbua sisi wote na vipimo?"

Thadeo aliegesha pikipiki. Lukas aliwatazama wawili hao, akatoa sigara yake, akaenda kuivutia mbali.

Rhobi aliweka bastola mezani, tupu, kama alivyofundishwa. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani kwa Bonifasi."

"Basi niambie kwa nini. Na usinidanganye, kwa sababu huwezi."

Alimwambia yote. Mluzi, na jinsi alivyokuwa akisubiri wiki nzima ausikie. Kwamba akiinua ile ndefu, kwa nukta chache rafiki yake anasimama pale. Alisema kwa utaratibu, bila kujitetea, na kadiri alivyoendelea ndivyo uso wa Rhobi ulivyojifunga.

"Unajua kwetu siku ya kuanua matanga wanafanyaje?" alisema hatimaye. "Mtu wa damu ya marehemu anavalishwa koti lake, anakalishwa kwenye kiti chake, anaitwa jina lake mpaka jua linazama. Huwaga ni mdogo wake wa kiume. Sisi hatuna mwingine. Wakanivalisha mimi. Jua likazama, koti nikavua, lakini mama hakuacha. Mpaka leo ananiita Evance. Evance leta maji. Evance umeamkaje." Aliigeukia meza. "Nikaja huku. Nikasema kuna mtu mmoja ananiitaga Rhobi. Kumbe na wewe unanivalisha koti."

"Rhobi..."

"Unampenda nani, Thadeo? Mimi, au yeye?"

Alichelewa kujibu. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, lakini kuna maswali yasiyosubiri. Rhobi alichukua mkoba wake, akaondoka.

*

Simu haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa. Duka la Musoma alilikuta limefungwa. Jirani alimwambia fundi amekwenda kwao.

Thadeo alitoa silaha ndefu kabatini, akaisafisha. Kisha, peke yake katikati ya machimbo, akaiinua yeye mwenyewe, tupu. Hakusikia kitu. Alisimama pale mpaka mkono ukamchoka, na hapo akaelewa kwamba rafiki yake hakuwa kwenye chuma kile. Alikuwa akimtafuta kwenye mwili wa dada yake, na mwili ule ulikuwa na mwenyewe.

Alifika Butiama mchana wa Alhamisi. Nyumba ilikuwa na kuta za udongo mwekundu uliolainishwa vizuri, na barazani kiti kimoja cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia. Mama Matrida alikuwa mkekani akichambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nakujua wewe. Ulimbeba mwanangu." Aligeuza shingo kuelekea jikoni. "Evance! Mgeni wako!"

Rhobi alitokea mlangoni, kanga kiunoni, mikono ina unga. Thadeo aliona mabega yake yalivyosinyaa kidogo aliposikia jina lile, kama mtu anayepigwa mahali palipozoea kupigwa.

Alipiga goti moja mbele ya mkeka.

"Mama, nisamehe. Evance nilimzika. Nilimbeba begani na bado sikutaka kukubali. Leo sikuja kwa ajili yake. Nimemfuata Rhobi."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. Kuku alipita barazani akadonoa punje, hakuna aliyemfukuza. Mama alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Midomo yake ilijaribu kitu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Rhobi," alisema kwa sauti nyembamba. "Rhobi, mwanangu. Mkaribishe mgeni maji."

Rhobi aliinama akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, unga ukambaki shavuni. Maji aliyaleta. Alipokuwa akimsindikiza Thadeo hadi barabarani aliuliza, "Swali langu umelipatia jibu?"

"Wewe. Nilichelewa kusema. Ni wewe."

"Tutaona Jumamosi, kwenye mashindano," alisema.

*

Asubuhi ya mashindano machimbo yalijaa magari na miavuli. Thadeo aliweka bastola zote mbili kwenye meza ya ukaguzi, akarudi nyuma hatua kadhaa, mdomo kaufunga. Rhobi alikuja na suruali nyeusi na blauzi nyeupe, nywele amezifumua zote na kuzifunga kwa kitambaa. Mkononi alikuwa na kitu cha kitambaa kizito cha kijivu.

Thadeo alikitambua. Lilikuwa koti la Evance. Alikuwa amelifumua mshono kwa mshono, na kutoka mkono mmoja wa koti akashona ala ndefu, yenye kifungo cha koti kwenye mdomo.

"Mama kaniruhusu," alisema. "Tumefumua pamoja."

Akaichukua ile ndefu, akaiingiza ndani ya ala, akafunga kifungo. Ilienea bila kubaki hata upana wa kidole. Kisha akaweka kiganja juu ya ile fupi.

"Inchi tano," alimwambia mkaguzi.

Zamu yake ilipofika alisimama. Mguu wa kulia haukugeuka ndani. Aliipanua miguu yote kwa namna ambayo Thadeo hakuwahi kuiona kwa mtu yeyote, akaishika silaha kwa mikono miwili. Thadeo, bila kutaka, alitega sikio. Upepo tu. Halafu sahani zikalia zikifuatana, na ya mwisho ilipoanguka kile kicheko kilichochelewa kikasikika nyuma ya makofi ya watu.

Alishika nafasi ya tatu. "Kwa mara ya kwanza, si haba," mzee Lukas alisema, kisha akarudia kwa kila aliyepita.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, Rhobi alimfuata Thadeo kwenye kabati la chuma, futi mkononi.

"Simama wima."

"Kuna nini?"

"Nimesema simama." Alimzungushia futi kifuani, akasoma namba, akahamia mabegani. "Nyoosha mkono. Hee, mkono mrefu kama njaa."

"Rhobi, unapima nini?"

"Suti. Sitaki uje kanisani na shati lenye tope begani."

Thadeo akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, na Rhobi akamfuta machozi shavuni kwa ncha ya futi.

Thadeo aliilaza ile ndefu kwenye rafu ya chini, ndani ya ala yake ya koti, akasukuma mlango. Ufunguo ulikuwa nusu ya mzunguko mluzi uliposikika. Ulikuwa mfupi na wa chini, na haukutoka kabatini. Ulitoka juu, ng'ambo ya kilima, ukienda.

Mkono wake ukasimama. Alimtazama Rhobi, naye alikuwa ameinua kichwa.

"Umesikia?" Rhobi alinong'ona.

"Nimesikia."

Rhobi alikunja futi yake polepole, akaitia mkobani.

"Basi funga," alisema. "Tusimcheleweshe."