Zamu ya Bibi Agness

Kila siku baada ya masomo, Aikande alishuka kwanza kihambani, kwenye shamba la familia, kumkatia ng'ombe wa bibi yake majani, ndipo apande tena mlima hadi chumba cha kompyuta cha shule. Yeye na wenzake wa klabu ya kompyuta, pale Kirua Vunjo, walikuwa wametengeneza tovuti ya kupanga zamu za mfongo, ule mfereji wa tangu zamani unaoteremsha maji hadi mashamba ya familia kumi na nane. Jumamosi wazee wangeanza kuitumia.

Juma hilo, hata hivyo, miguu yake ilikuwa mizito. Jumatatu Mwalimu Gerson alimpa kazi ya kusakinisha kwenye seva ya shule zana ya kupima programu, ile inayoijaribu tovuti kabla watu hawajaitegemea. Kisha aendeshe vipimo walivyoviandika pamoja. Alijaribu mara tatu, na mara zote maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini. Hakuyasoma. Mwalimu alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Vipi, imekubali?" ulimi ulimteleza.

"Imekubali, Mwalimu. Vipimo vyote vimepita."

Jumanne Mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Jumatano akawapelekea wazee habari kwamba tovuti imepimwa. Aikande alijiona kama mbuzi aliyejizungusha mtini, ambaye kila akijivuta kamba inazidi kufupika. Akisema kweli, ataaibika. Akinyamaza, maji ya watu yatapangwa na kitu ambacho hakuna aliyekijaribu. Na kiangazi kilikuwa kikali. Asubuhi ya Ijumaa bibi yake, Bibi Agness, aliishika miche yake ya kahawa iliyonyauka, akauliza, "Mjukuu wangu, zamu yangu ni lini?" Aikande alishindwa hata kumtazama usoni.

Mchana ule Mzee Kastori, mwenyekiti wa mfongo, alifika shuleni.

"Shikamoo, babu," Aikande aliamkia.

"Marahaba. Sasa niambie. Sisi tukishauzibua mfongo hatufungulii maji yote. Tunapitisha maji kidogo, tunayafuata kwa miguu hadi shamba la mwisho, tuone yanapovujia. Na nyie mmeyafuata?"

"Huyu ndiye aliyeyafuata, mzee," Mwalimu Gerson alisema kwa fahari.

Ilitosha Aikande aitikie kwa kichwa tu. Lakini aliikumbuka ile miche, machozi yakamtoka.

"Sijayafuata, babu. Mwalimu, nilidanganya. Zana ilikataa kuingia, nikaona aibu kusema."

Uso ulimshuka Mwalimu. Halafu akavuta kiti. "Jaribu tena. Safari hii tusome."

Mstari wa tatu wa yale maandishi mekundu ulieleza kila kitu: zana ile ilikuwa ya toleo jipya mno kwa seva yao kuukuu. Aikande alitafuta toleo la zamani linaloendana nayo, akaandika namba yake, na dakika mbili baadaye zana ikakubali. Akaendesha vipimo. Vitano vikapita. Cha sita kikagoma: familia zilizopangiwa maji zilikuwa kumi na saba tu.

Programu ilikuwa inaanza kuhesabu kwenye jina la pili. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na la kwanza lilikuwa Agness. Mstari wenye kosa aliuandika Aikande mwenyewe.

Alirekebisha tarakimu moja, akapima upya, na vyote sita vikapita.

"Njia ya mwongo ni fupi," Mwalimu alisema. "Kesho, kabla ya wazee kuanza, utawaeleza wenzako yote haya kwa mdomo wako."

"Nitawaeleza, Mwalimu."

Mzee Kastori alimwekea mkono begani. "Mfongo kuvuja si aibu, mjukuu wangu. Tunaziba kwa udongo, maji yanaendelea. Aibu ni kusema umeufuata, kumbe ulikaa nyumbani. Ukishindwa kazi, sema mapema, utasaidiwa. Ukificha, atakayekosa maji ni mtu wako."

Jumamosi, Aikande alipokwisha kusema yote mbele ya wenzake, maji yalifunguliwa. Hakubaki kwenye kompyuta. Aliyafuata kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka alipoyaona yakiingia kwenye miche ya Bibi Agness.