Tundu Lisilopitisha Hewa

Kila Jumamosi, kabla chai haijapoa, Nati huwa ameshafagia karakana ya shangazi yake na kuokota skrubu zilizoanguka. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu mifuko yake haikosi nati na bolti, na mama yake amechoka kuzitoa kwenye maji ya kufulia. Lakini Jumamosi hii alikuwa akifagia palepale alipokwisha kufagia. Moyo wake haukuwa kwenye ufagio, ulikuwa kwenye tela.

Lilikuwa tela la boksi, limezibwa pande zote kama kontena dogo. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo anayewahudumia wafugaji wa mbali, kule ambako gari la kawaida hukwama. Alitaka tela limbebee pikipiki yake ya magurudumu manne, na usiku, pikipiki ikishushwa, liwe chumba cha kulala yeye na mwanawe. Shangazi alichomelea sakafuni pete za kufungia mikanda, akaweka vitanda viwili vya kukunja ukutani, na akapanga matundu mawili ya hewa, moja juu na moja chini.

Hilo la chini ndilo lililomnyima Nati usingizi. Jumamosi iliyopita Shangazi alimwachia alikate yeye, kwa mara ya kwanza, kwa msumeno wa umeme. Nati akaukandamiza kwa pupa, na bledi mpya ikakatika. Haraka haraka haina baraka. Kwa hofu akaificha bledi chini ya pipa la vyuma chakavu, kisha akafunga kifuniko cha wavu kwa nje na kingine kwa ndani. Ukuta wa katikati ulibaki mzima.

"Safi, mwanangu," Shangazi alimwambia alipopita. "Mkono wako umeanza kutulia."

Nati akageuka, akachukua ufagio.

Sasa Daktari alifika kuchukua tela akiwa na mwanawe, mtoto mdogo mwenye maneno mengi na ugonjwa wa pumu.

"Shikamoo, Daktari," Nati alisema huku akiangalia chini.

"Marahaba. Mbona macho yako kama ya ndama mwenye homa? Nikuchome sindano?"

Mafundi wakacheka. Nati hakucheka.

Pikipiki ikapandishwa na kufungwa mikanda. Shangazi ana desturi yake: hakabidhi tela kabla ya kulinusa. Hufunga milango pikipiki ikiwa ndani, watu wakinywa chai, kisha huishusha na kupiga magoti anuse sakafu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na tundu la chini ndilo linaloutoa. Nati aliyajua hayo yote. Chai yake ilipoa mkononi.

Milango ilipofunguliwa na pikipiki kushushwa, mtoto wa Daktari alichomoka mbio, akajitupa kwenye kitanda cha chini. Hakukaa. Alitoka akikohoa, machozi yakimlengalenga, na baba yake akamshika mabega mpaka pumzi ikamrudia.

Shangazi alipiga magoti mlangoni, akanusa. Uso ukambadilika.

"Daktari, kosa ni langu," alisema polepole. "Nadhani nimepima tundu dogo. Na kama huniamini tena, lipeleke kwa fundi mwingine, sitakulaumu."

Nati aliona aibu iliyomchoma kuliko fimbo. Shangazi yake, ambaye mafundi wote humwita Mkubwa, alikuwa akijishusha mbele ya mteja kwa kosa lisilo lake.

"Si yeye," Nati alisema. "Ni mimi. Tundu halipo. Bledi ilikatika, nikaogopa, nikafunga vifuniko tu. Nisameheni."

Daktari alimtazama mwanawe.

"Wiki ijayo tungelala humo," alisema. "Na kwa baridi ya kule, milango ningeifunga."

Nati akaanza kulia. Shangazi hakumbembeleza. Alimletea bledi nyingine na msumeno.

"Kata," alisema. "Mimi nitasimama hapa."

Nati alifungua vifuniko, akakata taratibu, akijifuta machozi kwa bega. Kipande cha ukuta kilipodondoka, mtoto wa Daktari akaweka kiganja penye tundu. "Upepo unapita," akasema.

"Sikiliza, mwanangu," Shangazi alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bledi nimevunja nyingi, na ungeniambia, ningekupa nyingine tukacheka. Nami pia nilikusifu kabla ya kukagua, hilo ni langu. Lakini kosa ukiliziba haliondoki. Linakaa palepale, linasubiri mtu aje kulala."