Mwenzake Fundi Makufuli

"Mwenzako kapiga simu asubuhi," alisema mama mwenye boti kwenye simu. "Anaomba tutoe mapazia ya chumbani. Anasema hapendi kuzibwa asiyaone maji."

Fundi Makufuli alikuwa dukani kwake akichonga ufunguo wa mteja. Aliiweka tupa mezani polepole. Hakuwa na mwenzake yeyote.

Tuseme ukweli, uongo ulikuwa wake. Wiki iliyopita alipanga likizo ya siku saba kwenye boti yenye vyumba na jiko, inayoelea juu ya ziwa la milimani. Mama mwenye boti akamuuliza, "Mko wangapi?" Swali jepesi hilo. Lakini fundi alifiwa na mkewe miaka mitatu nyuma, na simu yake haikuita ila mtu akijifungia nje. Aliona aibu kusema yuko mmoja. "Tuko wawili," alijibu, "mimi na mwenzangu." Alipoulizwa jina akajichekesha: "Mwandike hivyo hivyo, Mwenzangu. Anakuja." Mdomo huponza kichwa.

"Labda alikuwa mteja mwingine, mama," alisema sasa.

"Mteja gani? Kakutaja wewe. Kasema yuko hapo dukani, nyuma yako."

Fundi aligeuka. Kulikuwa na ukuta tu na funguo mbichi, ambazo bado hazijachongwa, zilizotundikwa kwenye misumari. Zilikuwa zikichezacheza, na feni ilikuwa imezimwa.

Kesho yake nyumba ilianza kunuka tope la majini. Wahenga walisema upweke ni uvundo, lakini sidhani kama walikuwa na maana hii. Alisugua sakafu, akamwaga dawa chooni, akafungua madirisha yote, na harufu ikazidi. Mezani ilikuwepo orodha yake ya safari: sweta, tochi, viatu vya mpira. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa mwandiko wa duara, wino ukiwa bado mbichi: "Mimi blanketi sihitaji."

Akafunga mlango kwa makufuli matatu aliyoyatengeneza kwa mkono wake, makufuli ambayo mjini hakuna mwizi aliyewahi kuyashinda, akakaa kitandani mchana kweupe huku jua likiwaka dirishani, na hapo akasikia nyayo zenye maji zikitoka bafuni, tap, tap, zikipita sebuleni, zikisimama kidogo kwenye picha ya marehemu mkewe kama mgeni mwenye adabu, kisha zikaingia chumbani, zikazunguka kitanda hadi upande ule ambao kwa miaka mitatu haukulaliwa na mtu, na godoro likabonyea taratibu na shuka ikalowa.

Alikimbilia sebuleni akampigia mama mwenye boti. Alimweleza kila kitu kwa kunong'ona.

"Baba, ziwa letu lina wenyewe," alisema yule mama, naye sauti kaishusha. "Hawaendi wasikoitwa. Wewe ulisema anakuja."

"Nilikuwa natania, mama!"

"Wenyewe hawajui utani. Sasa sikiliza. Nitakuuliza tena lile swali, nawe utajibu kweli, kwa sauti, asikie. Ukisema uko peke yako atakuwa hana nafasi, ataondoka. Ukimkubali, atakuleta huku, na kwenye boti hii hutashuka. Nimeshawahi kubaki na mizigo ya watu wa namna hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Mko wangapi?"

Fundi alilamba midomo. Lilikuwa neno dogo, na hakuwahi kulitamka hata siku ya mazishi. Waombolezaji walipokuwa wakiondoka na kumuuliza kama ataweza kukaa peke yake, aliwaambia ataweza tu.

"Niko pe..."

Jikoni kiberiti kiliwashwa. Sufuria iligonga jiko, sahani zikashushwa kabatini, moja, na nyingine. Kisha sauti ikamwita, laini, yenye unyevu. Haikuwa ya mkewe wala haikujaribu kuwa yake.

"Umeshakula wewe?"

Machozi yalimtoka fundi, mwenyewe asijue yalikuwa yamejificha wapi. Alimwogopa huyo aliyeko jikoni. Lakini kwa miaka mitatu ni nani mwingine aliyemuuliza?

"Baba!" mama alikuwa akipiga kelele kwenye simu. "Jibu, baba! Malizia neno!"

Aliilaza simu kifudifudi mezani, akajipangusa uso kwa shati.

"Bado," alisema, akielekea jikoni. "Nilikuwa nakungoja."