Bushi ya Katikati

Kila akitoka shule, Kiroboto alivua sare, akavaa ovaroli na kuingia karakana ya mama yake, nyuma ya nyumba. Waliomwita Kiroboto hawakukosea, maana kutulia hakujui. Wiki hiyo mama, fundi wa injini, alikuwa amefungwa bandeji mkono wa kulia, hivyo kazi ya gari kuukuu la babu ikamwangukia yeye. Babu alikuwa ameahidiwa kuliendesha Jumapili.

"Bushi ni hizi pete. Kamshafti, hii fimbo ndefu ya chuma, inazunguka ndani yake," mama alimwelekeza. "Chora mstari wa chaki penye kila tundu la oili kwenye injini, ulenge tundu la bushi hapo hapo. Oili isipopita, vyuma vitasagana."

Kiroboto alichora mstari wa kwanza na wa pili, kisha akachoka. Bushi zilizobaki alizigonga kwa kukisia tu. Kamshafti ikapita vizuri, ikakwama kwenye bushi ya mwisho. Akaichomoa, akairudisha, ikakwama tena. Jasho likamwingia machoni.

"Lichuma kaidi hili!" alifoka, akaipiga ndoo teke na kuumia kidole.

"Ndoo nayo imekukosea nini, mjukuu wangu?" babu akauliza, akiingia karakanani.

Kiroboto akainyoosha ile bushi ya mwisho, iliyokuwa imekaa upande. Kamshafti ikaingia, ikazunguka laini. Babu akapiga makofi. "Jumapili hiyooo!"

Kiroboto akamulika tochi kwenye matundu ya oili. Katika lile la katikati aliona ubavu wa bushi, umeziba njia yote. Hakuna mwingine aliyeona. Alikuwa amechoka, ana hasira, na alitamani sana kunyamaza.

"Mama, nimeharibu. Sikuchora chaki zote. Bushi ya katikati imeziba oili."

Mama alishusha pumzi. "Ikitolewa haifai tena. Tutasubiri nyingine, hata Jumapili ipite."

Babu alikuwa ameshika funguo za gari. Alizirudisha mfukoni polepole, na hilo lilimuuma Kiroboto kuliko kidole.

Bushi mpya ilipofika, alichora chaki kwanza. Alipomaliza, akamimina oili na kuitazama ikichuruzika kwenye kila bushi. Injini ilipofungwa yote, ikawaka na kunguruma.

"Kukosea, hata mimi nakosea," mama alimwambia. "Lakini kosa ukilifungia ndani ya injini, linaendelea kula chuma wewe umelala. Ukilisema, tunalitengeneza."

Babu alipokaa kwenye usukani, Kiroboto akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Wapi huko?" babu akamzuia. "Fundi wangu anakaa mbele."