Maji ya Bibi Niliyoyamwaga

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, na ninaishi Kanyenye peke yangu. Wasomaji wenzangu, najua mwanamke akianza kusimulia mkasa wake wengi hudhani atalia juu ya mume. Mume yumo, nitafika kwake. Lakini si yeye aliyeninyima utulivu miaka hii mitatu... Nawaomba mnivumilie nieleze polepole, kama ninavyowaeleza watoto hesabu, maana mkiruka hatua moja hamtanielewa.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea kijijini upande wa Ulyankulu.

Zamani kwetu Unyamwezi, kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Ilimpasa abebe mzigo begani, aende na msafara kwa miguu miezi mizima, aione bahari, arudi. Babu yangu alipomchumbia bibi aliondoka hivyo, yeye na vijana sita wa kijiji kimoja. Wenzake wote sita walikufa kwa ndui njiani. Alirudi peke yake, na kibuyu kidogo cha maji. Akasema ni maji ya bahari, na kwamba alivuka hata kisiwani Unguja.

Nani wa kumshuhudia? Watu walimcheka. Walisema hakuelekea mashariki hata siku moja. Alikwenda zake Uvinza, kwenye visima vya chumvi, akajificha huko, akakoroga chumvi kwenye kibuyu. Wakamwita Mzee wa Uvinza, na jina hilo likamganda mpaka kaburini.

Bibi aliyaonja maji yale, tone moja tu, kabla kibuyu hakijavuja. "Yalikuwa ya chumvi," aliniambia mara nyingi. "Lakini nyuma ya chumvi palikuwa na uchungu, kama umelamba mshubiri. Ulimi wangu haujasahau. Nataka niyaonje ya bahari yenyewe kabla sijafa, nijue nimeishi na mkweli au na mwongo."

Hayo ndiyo aliyoyataka duniani, basi. Hakutaka kanga wala sukari.

Sasa nije kwa mume wangu, nitakayemwita Petro. Alikuwa karani wa reli. Mkubwa wake, Mzungu mmoja mhandisi, alikuwa na mchezo wa ajabu: kuzama majini na kukaa huko chini akipumua. Alikuwa na mtungi wa chuma uliojazwa hewa, anaufunga mgongoni, na mpira unaotoka kwenye mtungi anaung'ata mdomoni. Usoni huvaa kioo, miguuni huvaa viatu vya mpira vipana kama nyayo za bata. Jumapili alikwenda nao kwenye bwawa nje ya mji, na Petro ndiye aliyembebea mitungi, mpaka naye akafundishwa kuzama.

Siku moja Petro alirudi akiwa amechangamka. Bwana mhandisi angekwenda likizo Unguja kuzama kwenye matumbawe, na alitaka Petro awepo. Likizo ya Petro nayo ilikuwa imefika, na reli humpa karani pasi ya kusafiria, yeye na mkewe.

"Na mkewe," nilirudia.

"Na mkewe," alisema Petro. "Kwani nina wangapi?"

Tulicheka. Laiti ningejua...

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilinunua daftari na kulipanga kama somo. Ukurasa wa kwanza niliandika vituo vyote vya treni, na pembeni ya kila kituo nikaandika alichokisimulia babu kuhusu pale, maana reli imeifuata njia ile ile ya wapagazi: hapa walilala, hapa walikosa maji, hapa alimzika mwenzake wa nne. Niliandika siku ya meli ya kuvukia. Niliandika tutakavyowatafuta Wanyamwezi waliobaki Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na tutakavyokwenda Makunduchi kwenye sherehe ya mwaka wao, ambako wanaume huchapana kwa mabua ya migomba kisha hula pamoja wakiwa wameondoa kinyongo. Niliandika hata kanuni za kuzama alizofundishwa Petro. Kubwa kuliko zote ni hii: ukiwa unapanda juu, usizuie pumzi. Hewa uliyoivuta chini hutanuka kifuani kadiri unavyopanda, na usipoitoa itakupasua.

Na ukurasa wa mwisho, peke yake: *Kujaza chupa maji ya bahari kwa ajili ya bibi.*

Petro aliniletea kile kioo cha usoni nijaribu. Nilikivaa nikaingiza kichwa kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Nilipoinuka, jirani yetu Agnesi alikuwa amesimama na ndoo.

"Dada mwalimu, umeangusha nini humo?"

"Nasafiri kwenda Unguja," nikamjibu, maji yakinichuruzika.

"Kwa njia ya pipa?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki. Agnesi alikuwa mjane mdogo, fundi wa kushona. Hakujua kusoma, na aliona haya. Nikamwambia hakuna mtu mzima aliyechelewa, aje kwangu kila alasiri. Alikuja. Kitabu cha kumfundishia nilikuwa sina, basi nikamfundishia daftari lile lile. Silabi kwa silabi alisoma safari yangu: ki-tu-o, me-li, chu-pa. Alipoweza ukurasa mzima bila kukwama nilimpigia makofi. Nilijivuna naye kama mama. Bibi alipokuja mjini kututembelea, Agnesi ndiye aliyemtwangia tumbaku, na bibi akamsimulia habari ya kibuyu tangu mwanzo hadi mwisho. Petro aliketi nasi akisikiliza. Je, ningeona nini hapo? Ningemshuku mwanafunzi wangu?

Wiki tatu kabla ya safari, ilikuja habari kwamba bibi anaumwa kifua. Niliondoka siku hiyo hiyo. Petro alinisindikiza mpaka kwenye lori, akasema nisiwe na wasiwasi, tutaisogeza safari mbele. Daftari nililiacha juu ya meza.

Nilimwuguza bibi majuma matatu. Alikuwa akinitania kila asubuhi: "Mume wangu Petro hajaenda tu kuniletea maji?" Alipopata nafuu kidogo nilirudi mjini kuandaa kumleta hospitali. Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Wa Agnesi pia. Nikaenda stesheni.

Mzee Saidi, mkagua tiketi, alinikaribisha vizuri.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba, mwalimu. Mmerudi mapema hivyo?"

"Turudi kutoka wapi? Mimi nimetoka kijijini. Namtafuta mume wangu."

Alinitazama, akafungua kitabu chake, akaweka kidole kwenye mstari. "Karani Petro na mke. Watu wawili. Waliondoka Jumatatu, mimi sikuwa zamu." Kisha akaanza kupanga mihuri yake ambayo ilikuwa imepangwa tayari. "Labda wameandika vibaya, mwanangu. Hawa vijana wa siku hizi..."

Hawakuandika vibaya. Mama muuza vitumbua pale nje aliniambia amewaona wakipanda, na Agnesi alikuwa na daftari mkononi.

Wasomaji, mnajua lililoniuma zaidi? Niliipanga safari ile vizuri mno, kiasi kwamba mtu mwingine aliweza kuisafiri bila kuuliza njia. Na mtu huyo nilimfundisha kuisoma mimi mwenyewe.

Sikumwambia bibi. Nilimleta hospitali ya Kitete, akalazwa, na kila aliponiuliza kuhusu Petro nilisema amekwenda pwani kumletea maji. Uso wake ulikuwa ukinawiri. Aliwaambia wagonjwa wenzake kwamba ana mume kijana aliyevuka bahari kwa ajili yake, wakacheka wodi nzima.

Petro aliporudi hakuomba radhi. Alisema pasi ingeisha muda wake bure, na mimi ndiye niliyechagua kubaki kijijini. Baada ya hapo akaomba uhamisho wa Kigoma. Sitaongeza neno juu yake, hastahili karatasi.

Lakini Agnesi alikuja.

Ilikuwa alasiri, saa ile ile ya masomo yetu. Nilikuwa kwenye baraza ya hospitali nikifua kitambaa cha bibi. Alisimama mbali kidogo, kikapu mkononi.

"Dada mwalimu, aliniambia umeiacha safari kwa hiari yako. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Sikuja kuomba msamaha."

"Umefuata nini?"

Akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi na nta, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Maji ya bibi."

Niliipokea. Naona aliona ishara ya heri, maana alipumua. Nikang'oa gunzi. Nikamtazama machoni, nikaigeuza chupa juu ya mchanga, polepole, mpaka tone la mwisho. Sikupiga kelele. Moyoni nilisema: safari uliiba, lakini sifa ya kuikamilisha hutaipata.

Agnesi alitazama mchanga ukinywa. "Hayo hayakuwa yangu, dada," alisema. "Wala hayakuwa yako."

Akaweka kikapu chini, akaenda zake.

Kutoka ndani bibi aliita, "Nani huyo?"

"Muuza maziwa, bibi."

Siku mbili baadaye hali yake ilibadilika. Alishika mkono wangu, akauliza kama Petro hajafika tu. Wenzangu, nilihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Bahari iko mbali, treni haiwezi kuiwahi pumzi ya mtu. Nikakimbia sokoni nikanunua chumvi. Nikaikoroga kwenye maji, nikayamimina ndani ya chupa ile ile ya Agnesi, nikamletea. Naam, nilifanya jambo lile lile ambalo watu walimsingizia babu.

"Bibi, yamefika. Maji ya bahari."

Aliinuliwa akaketi. Aliomba afunikwe mabega kwanza, kama mtu anayepokea mgeni. Nikampa kwa kijiko. Aliyaweka ulimini muda mrefu, macho yamefumbwa. Nilimwona anasubiri. Alikuwa anasubiri kile kinachokuja nyuma ya chumvi.

Hakikuja.

"Sivyo," alisema. "Haya ni chumvi tupu. Ya babu yako yalikuwa na uchungu."

"Labda ulimi, bibi..."

"Ulimi wangu mzima." Akasukuma kijiko. "Basi kama bahari ndiyo hii, alinidanganya. Miaka yote nagombana na watu kwa ajili yake, kumbe walijua wao."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lingetosha: bibi, mwongo ni mimi. Lakini neno hilo lilikuwa limeunganishwa na mengine yote, pasi, Agnesi, mchanga uliolowa, na mimi nikaona haya... Nikazuia pumzi. Bibi akageukia ukutani. Hakumtaja babu tena, na siku ya tatu alifariki.

Baada ya matanga nilifungua kikapu cha Agnesi. Daftari langu lilikuwamo. Kila mstari ulitiwa alama ya penseli, vituo vyote, meli, Ng'ambo, Makunduchi. Pale nilipoandika kwamba chini ya bahari kuna baridi, palisahihishwa: *si bari di ni vugu vugu.* Ni mwandiko wa mtu aliyejifunza juzi, herufi zimelala huku na huku. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mstari wa chupa, aliandika hivi:

*Petro alisema tu ache. Ni me jaza mwe nyewe. Ni me onja. Chumvi kwanza ha lafu ma chungu. Mwambie bibi babu ali sema kweli.*

Nilikaa chini. Nikausoma tena mstari ule, silabi kwa silabi.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, nilipanda treni daraja la tatu, peke yangu, bila daftari. Nilivuka hadi Unguja. Sikuzama, wala sikwenda kwenye sherehe yoyote. Niliingia majini mpaka magotini, nikachota kwa kiganja, nikanywa. Chumvi kwanza. Kisha, nyuma yake, uchungu kama wa mshubiri, umeng'ang'ania kooni. Nilileta chupa nikaimwaga kaburini kwa bibi, lakini kaburi halisemi limeonja nini.

Ndugu zangu mnaosoma, sikuandika ili mnihurumie. Najua miongoni mwenu yupo aliyesalitiwa leo, na kifua chake kinawaka. Nakuomba, ndugu yangu, kasirika, ni haki yako. Ila kabla hujamwaga kitu alichokuletea adui yako, uliza kwanza ni cha nani. Na ukiwa na neno ambalo mzee wako analisubiri kitandani, mwambie leo, hata kama litakuvua nguo mbele yake. Aibu ina mwisho, mtu hupanda akafika juu.

Mimi niliizuia pumzi miaka mitatu. Leo nimeitoa. Na kwa yeyote wa upande wa Ulyankulu anayekumbuka jina la Mzee wa Uvinza, tafadhali asilitaje tena. Yule mzee alifika pwani.