Ngolo Juu ya Nyumba ya Mwalimu

Wewe unayesoma, umewahi kutumwa neno ukalinyamazia? Sisemi umbea. Nasema neno la kawaida tu, la mtu mzima kwenda kwa mtu mzima mwenzake. Mjukuu wangu Scolastika alitumwa neno kama hilo akiwa darasa la sita, nami nitakueleza lilivyotufikisha.

Sisi tunakaa Maguu, huku juu kwenye kahawa. Asubuhi zetu zilikuwa hivi: mimi nawasha moto, Scolastika anafagia uwanja, na Mwalimu Tumpe anatoka chumbani kwake na ndoo ya maji, amejitanda kitenge mabegani kwa baridi. Mwalimu ni mtu wa Tukuyu. Serikali ilimleta kufundisha shule yetu, akakosa nyumba, nikampa chumba kimoja kwangu. Ni kile nilichokuwa nikihifadhia kahawa, na hadi leo ukuta wake unanukia kahawa. Alikaa humo miaka mitatu. Scolastika alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitano, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi, ndiye aliyemsahihishia hesabu jikoni nikisonga ugali. Wakiongozana kwenda shule, mgeni angesema ni mtu na binti yake.

Lakini Mwalimu alikuwa na binti wa kumzaa mwenyewe, Winnie, wa umri uleule. Winnie alibaki kwa bibi yake Tukuyu, maana chumba changu hakikuwatosha wawili.

Jioni moja Mwalimu akaniambia, "Mama, wewe una kiwanja, mimi nina akiba yangu. Tujenge nyumba ya pande mbili. Upande mmoja nikae na Winnie, upande wa pili tupangishe watumishi, kodi iwe yako."

Nikakubali. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, tukaandikishana: kiwanja na tofali za kuchoma ni vyangu, saruji, mbao na bati ni vyake. Tukatia sahihi, tukarudi nyumbani tukijiona tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Fundi hatukuandikishana naye chochote. Alikuwa Fundi Meinrad wa Lipingo, kule ziwani, na mimi ndiye niliyemleta, kwa kuwa nilipenda nyumba aliyomjengea katekista wetu. Hatukukaa naye sote watatu hata siku moja. Mwalimu akipita asubuhi anamwambia madirisha yawe mapana, watu wapate mwanga. Mimi nikipita mchana namwambia yawe madogo, Maguu kuna baridi. Fundi naye, ili asigombane na mtu, akaweka mapana upande mmoja na madogo upande wa pili. Majirani wakacheka wakasema nyumba yetu inakonyeza. Maagizo mengine aliyapitisha kwa Scolastika, kwa kuwa mtoto akitoka shule lazima apite pale.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni mwa mtoto, ambacho mimi sikukijua wakati ule. Scolastika hakutaka ile nyumba iishe. Kila mstari wa tofali uliopanda aliuona kama unamchukua Mwalimu. Nyumba ikiisha, Winnie anakuja, na mtu aliyepata binti yake hatamkumbuka binti wa mwingine. Hayo aliyawaza peke yake, anakula nayo, analala nayo, na sisi tunamwona amenenepa tu.

Bati ziliezekwa Desemba, ikabaki kazi ya ndani. Machi ikafika, wakati wetu Wamatengo wa kuchimba ngolo. Kama hujawahi kuziona, ngolo ni mashimo ya mraba tunayoyachimba mteremkoni, moja pembeni ya jingine, shamba zima. Nyasi tunazilaza chini, udongo tunaufunika juu, maharage tunapanda kwenye matuta. Maji ya mvua yanatulia ndani ya mashimo, hayachukui udongo wetu. Ndiyo maana milima yetu bado inatulisha. Basi ule mteremko wa juu ya nyumba ulikuwa wangu, na nikaona ni dhambi kuuacha ukae bure. Nikawaalika akina mama wa ngokela, wale tunaolimiana kwa zamu, waje Jumamosi.

Alhamisi kabla ya siku hiyo fundi alipata habari kwamba kaka yake amefariki Lipingo. Alimpigia Mwalimu, simu imezimwa, yuko darasani na darasa la saba. Yangu ilikuwa dukani inachajiwa. Gari la kuteremka linakaribia kuondoka. Scolastika akatokea na daftari zake, fundi akamshika bega.

"Mwambie bibi na mwalimu, ule mteremko usilimwe ngolo mwaka huu. Nikirudi nachimba kwanza mfereji wa kupitisha maji pembeni. Ukuta wa nyuma uko karibu mno na kingo ya mteremko. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Alifika nyumbani akanikuta napepeta mahindi ya kinywaji cha Jumamosi. Akanisalimia, akaweka daftari, akaenda kuchota maji. Hakusema. Alidhani maji yatamsumbua fundi kidogo tu, kazi itachelewa, na Mwalimu ataendelea kukaa nasi mwaka mwingine. Mtoto haoni mbali zaidi ya hapo.

Jumamosi tukachimba. Ngolo zilipangika vizuri hata nikasimama chini nikaziangalia kwa majivuno.

Aprili mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika. Ngolo zangu zikafanya kazi yake, zikayashika maji yote. Maji yakazama ardhini, yakashuka taratibu, yakatokea chini ya msingi. Jumatano mchana nikasikia kishindo kama gogo limeangushwa. Ukuta wa nyuma wote umelala kwenye matope, mbao za paa zinaning'inia. Mwalimu alikuja mbio kutoka shule, mikono ina chaki, akasimama mbele ya zile tofali. Hakulia. Alisema jina la Winnie mara moja, basi.

Fundi alikuwa ameondoka msibani siku mbili kabla, mvua ikamkwamisha Mbinga. Alipofika kesho yake hakuangalia ukuta, aliangalia mteremko.

"Mama, nani amelima ngolo pale?"

"Mimi. Nimelima ngolo tangu nikiwa msichana, hazijawahi kubomoa nyumba ya mtu."

"Neno langu hamkulipata?"

Nikauliza neno gani. Fundi akamgeukia Scolastika, sote tukamgeukia. Mtoto akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema fundi hakumwambia kitu.

Meinrad hakubishana na mtoto. Alikusanya mwiko, pimamaji na kamba yake, akaondoka kwa miguu. Vijana wa kijiweni wakambandika jina la Fundi Tope, nami nilisikia, sikuwakataza.

Kisha tukaanza kulaumiana. Mwalimu alisema nimemletea fundi tapeli. Mimi nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya bati. Watu tuliokula sufuria moja miaka mitatu, sasa yeye anapika chumbani kwake, mimi napika jikoni kwangu, na Scolastika katikati hajui ale wapi. Juni Mwalimu akanijulisha, kwa adabu kama mgeni, kwamba ameomba uhamisho wa kurudi Tukuyu na barua imetoka. Akiba yake imelala kwenye matope, na mtoto wake amechoka kusubiri.

Siku ya kufunga mizigo alimwita Scolastika akampa sweta mpya ya shule, ya kijani. Alikuwa amemnunulia Winnie.

"Nilimwambia mtakaa dawati moja," alisema. "Kila nikimpigia simu anauliza, Scolastika hajambo?"

Mtoto aliipokea bila kushukuru. Akaja nilipokuwa nachambua maharage, akakaa chini, sweta mapajani, akasema, "Bibi, fundi alinituma." Akaeleza neno lote, hata la mfereji. Nikauweka ungo chini. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akasema alisahau. Niliona si kusahau, lakini sikumbana.

Nikamwita Mwalimu, nikamrudia yote. Yeye akasema kesho tunakwenda Lipingo, sote watatu.

Tukapita Mbinga, tukateremka zile kona hadi joto la ziwa likatupiga usoni. Tulimkuta Meinrad nyumbani kwa marehemu kaka yake, anaziba ufa wa jiko la mjane. Usipa, dagaa wa ziwani, umeanikwa kwenye chanja, kunguru wanafukuzwa. Scolastika akasema shikamoo, akapiga magoti mchangani, akakiri uongo wake mbele ya mjane na watu waliokuwepo. Mimi na Mwalimu nasi tukaomba radhi, maana tulimhukumu bila kumsikiliza.

Fundi alinawa mikono polepole. Akatuambia kwamba tangu Aprili hakuna aliyempa kazi, si Maguu, si Mbinga.

"Scolastika, neno ukitumwa si lako," alisema. "Ni la aliyekutuma na la anayelingoja. Lifikishe hata kama hulipendi. Ukilizuia, kuna mtu mahali litamwangukia." Akatugeukia sisi. "Lakini mtoto tulimtwika mzigo wa nyumba nzima. Wenye mali wawili, fundi mmoja, na hatukukaa pamoja hata mara moja. Nami nilijenga karibu na kingo bila kuwauliza, nikamwachia mtoto neno la msingi. Siku nyingine neno la msingi, la maji, la ukuta, lisemwe wote tukiwepo, liandikwe, kila mmoja aondoke na karatasi yake."

Tukaandika palepale, kwenye daftari la mjane. Mimi nisawazishe zile ngolo, yeye achimbe mfereji kwanza, kisha ukuta. Upande wa Mwalimu upangishwe kwa mtumishi mwingine. Maana uhamisho haukufutwa. Winnie alishaambiwa mama anakuja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia tena asubiri.

Nikadhani yamekwisha. Tuliaga, tukaenda barabarani kungoja gari. Scolastika alibaki nyuma, anatembea kama mtu mwenye mwiba. Mwalimu akamrudia, akachuchumaa mbele yake.

"Miaka mitatu sijakuona ukisahau kitu," alimwambia. "Sikugombezi. Niambie tu."

Mtoto akalia kwanza, kilio kile cha kukosa pumzi. Mwalimu akamngoja. Gari likapiga honi, nikamwonyesha dereva mkono asubiri.

"Sikusahau," Scolastika akasema. "Nilitaka nyumba isiishe. Nilitaka wewe uwe mama yangu."