Ngamia wa Mzee Ekwam

Lori la Kitale lilikuwa limefika Lodwar, na dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Akidor, msaidizi wa wauguzi katika zahanati ya misheni kule Kakuma, alibanwa kwenye kaunta akisubiri sabuni, gauni lake la kitenge cha manjano limelowa jasho, shanga za mama yake zikimwasha shingoni. Kando yake kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu na shati lililopigwa pasi alikuwa ameshika kasuku mdogo wa chuma, yule ambaye mwenye duka alimweka juu ya karatasi zisipeperuke. Alimpindua, akamchungulia chini.

"Unamtafutia nini ndege chini ya mkia?" Akidor akauliza.

"Jina la aliyemzaa," kijana akajibu bila haya. "Ona hiki kijungu chenye masikio mawili. Ni chapa ya Viena, Ulaya. Huyu ni shaba nyeusi, amepakwa rangi kwa mkono. Ana miaka mingi kuliko baba yako."

"Baba yangu ana ngamia wa namna hiyo. Alipewa na mzungu aliyekuwa akimpikia."

"Niletee nimwone."

"Ngamia wa Baba haletwi. Anafuatwa."

Kijana huyo, Cornelius Opondo, ambaye Akidor alizoea kumwita Konelio, alikuwa karani wa ofisi ya maji, mtu wa kutoka pande za Kisumu. Maofisa wa kizungu walipoondoka Lodwar waliacha vijisanamu vyao mikononi mwa wapishi na wenye maduka, naye alivisaka kimoja kimoja, akavipanga rafuni kama watoto wake. Kila Akidor alipokuja Lodwar kuchukua dawa alimkuta kwenye kituo cha malori akimngoja na samaki wa Longech, kule ziwani, aliyechomwa vizuri. Asipokuja, Jumamosi Opondo alikwenda kuomba redio ya misheni aongee naye Kakuma.

"Kakuma, Kakuma, hali ya maji huko?"

"Maji iko, karani. Kiu ndiyo haijapungua."

"Kiu ya nani, mpenzi?"

"Sema polepole. Padri anasikia."

"Mwambie padri naulizia kisima."

Wilaya nzima ilikuwa ikisikia, na wilaya nzima ikacheka.

Baba yake Akidor, Mzee Ekwam, alikuwa amepofuka kwa trakoma. Ebei, mfugaji wa Kaikor, alikuwa ametuma watu kumposa binti, na mzee akawarudisha. "Nangoja huyo wa maji," alisema. "Mtu anayemjua ngamia wangu atamjua na mtoto wangu."

Opondo akaja Kakuma na tumbako, sukari na blanketi. "Ejok, Mzee," akaamkia, akakaribishwa kwenye kigoda. Mzee akafungua kipande cha ngozi ya mbuzi, akatoa ngamia mwenye mpandaji wa joho jekundu. Akasimulia kwa Kiswahili chake cha jikoni jinsi mto Tarach ulivyofurika, jinsi alivyombeba bwana yule mgongoni hadi ng'ambo, na jinsi bwana, siku ya kuondoka, alivyompa kitu alichokipenda kuliko vyote.

Opondo alimpima ngamia kiganjani. Mkono ukamtangulia akili: akatoa kisu chake kidogo, akakwaruza chini ya unyayo. Badala ya wekundu wa shaba pakatokea weupe wa kijivu.

"Hii si shaba," akasema, kwa sauti ileile ya ofisini. "Ni zinki. Hii ni ya kuiga."

Akidor alimwona baba yake akigeuza uso taratibu.

"Kumbe alinipa takataka," mzee akasema.

"Mzee, sikusema hivyo."

"Umesema. Macho sina. Masikio ninayo."

Akidor akamsindikiza mgeni hadi barabarani.

"Ungenyamaza, Konelio."

"Ningemdanganya baba yako?"

"Kunyamaza si uongo."

Baada ya hapo mzee hakusimulia tena habari za Tarach. Jumamosi redio iliita, "Kakuma, Kakuma, hali ya maji huko?" na Akidor alikaa kando yake, mikono mapajani, asijibu. Wiki nyingine ikaita tena, kisha ikanyamaza. Mzee akatuma watu Kaikor wampelekee Ebei neno lake la kukubali posa. Mvua hazijaanza, homa ya kifua ikamchukua.

Opondo alipopata habari alipanda lori la misheni, akaja. Walisimama kando ya rundo la mawe alipolazwa mzee.

"Nilikuita redioni," akasema.

"Nilisikia. Nilingoja uombe radhi kwa Baba. Wewe ukaulizia maji."

"Nilidhani umenichoka. Nami nitaombaje radhi wilaya nzima ikisikia?"

"Kunitania uliweza wilaya nzima ikisikia."

 Machozi yalimtoka Opondo, akayaacha yateremke. Akidor akamfuta kwa pindo la shuka lake, maana hasira aliyoiweka miezi hiyo yote aliitafuta asiione.

"Twende Lodwar," Opondo akasema. "Nikuoe."

"Nimekusamehe, Konelio. Lakini mifugo ya Ebei imeshafika. Neno ni la Baba, na wa kulirudisha ndiye huyu tumemfunika mawe."

"Unampenda?"

"Yeye hakuniuliza hivyo. Na wewe usiniulize."

Wakatembea kuelekea kwenye lori. Njiani Opondo akasema polepole, "Rangi ya yule ngamia imelika mgongoni na shingoni. Si kwa kuanguka. Ni vidole. Baba yako alimfunga ngozini; kuna mtu alimshika miaka mingi kabla yake. Labda mzungu mwenyewe hakujua ni zinki. Lakini alimpenda, hilo nimeliona."

Akidor akasimama. "Uliliona siku ile?"

"Niliona yote siku ile. Nikasema moja."

Dereva akapiga honi. Akidor aliushika mkono wa Opondo mpaka honi ya pili, kisha akauachia. Vumbi la lori lilipotulia alirudi nyumbani, ambako mama yake alikuwa akimngoja wakamue mbuzi.